Harusi kando ya magofu ya Wamaya: mwongozo kwa mpigapicha anayekwenda mara ya kwanza

Simu huwa inaanza hivi: "Kaka, tumepata tarehe. Tunafungia ndoa Meksiko, palepale kwenye magofu ya Tulum. Utatupigia?" Anayepiga anaishi Houston au Toronto, wazazi wa upande mmoja wako Arusha, wa upande wa pili Nairobi, na wajomba wametawanyika kuanzia Minnesota hadi London. Meksiko inawafaa: bahari ya joto, safari fupi kwa wale walioko Marekani na Kanada, na hoteli inakuuzia harusi nzima, kuanzia maua hadi keki. Nikishasema hongereni sana, huwauliza swali moja kabla hata ya tarehe: mnaposema kwenye magofu, mnamaanisha wapi hasa?

Nauliza hivyo kwa sababu utakachokipata pale ni harusi iliyo kando ya magofu, na kazi yako yote imejificha ndani ya neno hilo "kando".

Hatua ya 1: Elewaneni kuhusu magofu kabla ya kuelewana kuhusu bei

Magofu ya Wamaya nchini Meksiko ni mali ya taifa kwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1972. Yanasimamiwa na INAH, taasisi ya taifa ya anthropolojia na historia iliyoanzishwa mwaka 1939. Mwenye tiketi anaruhusiwa kupiga picha zake za kumbukumbu kwa kamera ya mkononi. Ukisimika tripodi, ukafungua taa, ukamsimamisha bibi harusi na shela yake mbele ya hekalu, hapo umeshatoka kwenye utalii na kuingia kazini, na kazi inataka kibali cha maandishi. Viti mia moja, maua, MC na maspika, hayo usiyaweke kabisa kwenye hesabu.

Mara yangu ya kwanza nilijifanya mjanja. Gauni tulilitia kwenye begi la mgongoni, bibi harusi akaingia na suruali ya jinzi kama mtalii yeyote, mpango ukiwa abadilishe nguo nyuma ya mti. Mlinzi mmoja, mzee mwenye kofia ya ukindu, alikuwa akitufuata taratibu tangu getini. Hakusema neno. Alisubiri hadi vifungo vya mgongoni vikafungwa vyote, ishirini na vinane, ndipo akasogea na kutuambia kwa upole kabisa kwamba gauni lile halipigwi picha pale. Tukavifungua kimoja kimoja, naye amesimama.

Tangu siku hiyo huwapa maharusi njia tatu, wachague. Ya kwanza, magofu yaonekane kwa nyuma: kutoka kwenye boti, ufukweni, au dirisha la hoteli iliyojengwa jirani. Ya pili, siku ya pili au ya tatu waingie kama watalii, nguo za kawaida zilizokaa vizuri, nami na kamera moja mkononi. Ya tatu, tuombe kibali cha INAH, tulipie ada, tusubiri jibu. Wengi wakishasikia ya tatu huchagua ya pili, na picha za ya pili mara nyingi ndizo zinazotundikwa sebuleni. Mtu aliyevaa shati la kitani akishika mkono wa mkewe mbele ya jiwe la miaka mia saba anaonekana ametulia kuliko yule anayepigana na shela kwenye upepo.

Hatua ya 2: Chagua gofu kwa mwanga wake

Tulum ndiyo inayoombwa zaidi. Ulikuwa mji wa bandari, ukuta pande tatu na bahari upande wa nne, juu ya jabali la mita 12 hivi, na ulistawi kati ya karne ya 13 na ya 15. Jengo kubwa linaloitwa El Castillo limeipa bahari mgongo. Ngazi zake zinatazama bara, yaani magharibi. Kwa mpigapicha hiyo ina maana kubwa: asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo ngazi ziko kivulini lakini jabali na mgongo wa jengo vinang'aa. Alasiri mambo yanageuka. Ile picha inayojulikana duniani, jengo juu ya jabali na maji ya samawati chini yake, hupigwa ukiwa upande wa kusini, kamera ikitazama kaskazini, na ni picha ya asubuhi.

Ufukwe ulio kusini mwa magofu una wavuvi wanaotembeza watalii kwa boti hadi mbele ya jabali. Hiyo ndiyo njia yangu ninayoipenda. Ukiwa baharini asubuhi jua liko nyuma yako, magofu yote yamewaka mbele yako, na hakuna anayekuuliza kuhusu gauni. Waketishe maharusi ubavu, si uso kwa jua, la sivyo watakunja macho. Shata isiwe ya polepole kuliko 1/1000 ya sekunde, maana boti haitulii. Ila siku hizi eneo lote la magofu na fukwe hizo liko ndani ya Hifadhi ya Jaguar, iliyotangazwa mwaka 2022. Kuna ada na saa za kuingia, kwa hiyo mwenye boti aulizwe mapema mnapandia wapi na saa ngapi.

Cobá iko bara, kilomita 45 hivi kutoka Tulum, ndani ya msitu. Piramidi yake ya Nohoch Mul ina urefu wa mita 42, na mji ulikuwa na barabara nyeupe zilizoinuliwa ziitwazo sacbé, mojawapo ikienda kilomita 100 hadi Yaxuná. Barabara hizo ni nzuri kwa picha za kutembea au kuendesha baiskeli, maana baiskeli zinakodishwa palepale. Adui yako Cobá ni majani: jua linapita matundu ya miti na kuweka madoa meupe usoni, bibi harusi akawa kama chui. Tafuta kivuli kizito au subiri wingu.

Chichén Itzá naitaja kwa sababu mtaulizwa tu. Imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1988, na piramidi ya Kukulkán, mita 30, kila mtu anaijua. Lakini kufikia saa nne asubuhi mabasi yameshamwaga watu, wauzaji wanapuliza filimbi zinazonguruma kama jagwa, yule chui wa huko, na kila kiongozi wa watalii anapiga makofi mbele ya ngazi ili wageni wake wasikie mwangwi unaolia kama ndege. Mpigavideo wako atalia pia. Pande za kaskazini na magharibi ndizo zilizokarabatiwa vizuri, na Desemba jua linakaa kusini mchana kutwa, kwa hiyo ule upande wa kaskazini wenye vichwa vya nyoka unabaki kivulini. Tarehe za karibu na 21 Machi na 22 Septemba, watu wanapokwenda kuona kivuli cha nyoka kikishuka ngazini, kaa mbali kabisa. Kama maharusi wameing'ang'ania Chichén Itzá, waangalie hoteli ya Mayaland iliyo mlangoni mwa magofu: kuna mahali ndani yake unaona jengo la mviringo la kutazamia nyota, El Caracol, kama limewekwa kwenye fremu.

Mimi binafsi, nikipewa nafasi ya kuchagua, huwapeleka Uxmal. Iko kilomita 80 hivi kusini mwa Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán. Watu ni wachache, piramidi yake ya Mchawi ina pembe za mviringo badala ya ncha kali, na kuta za majengo zimenakshiwa mawe madogomadogo yaliyopangwa kama mkeka. Jua la pembeni likipiga nakshi hizo, kila jiwe linatoa kivuli chake.

Tena njia ya huko imejaa mashamba ya zamani ya mkonge ambayo leo ni kumbi za harusi, yenye matao, visima na mabomba ya moshi ya viwanda vilivyokufa. Mtu wa Tanga au Morogoro akifika hapo hahitaji kuelezwa. Neno sisal lenyewe ni jina la bandari ndogo ya Yucatán ilikotokea mikonge kwenda kuuzwa, na ule mmea ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 asili yake ni Meksiko hiihii. Baba mmoja wa bibi harusi, aliyekulia kwenye kambi ya mkonge karibu na Korogwe, alisahau harusi kwa dakika kumi akiichunguza mashine ya zamani ya kusaga majani. Picha ile, mzee na suti yake ameinama juu ya mashine, ndiyo waliyoichapisha kubwa.

Kwa wasiotaka safari kuna vigofu vidogo: El Rey katikati ya hoteli za Cancún, San Gervasio kisiwani Cozumel. Havina majabali wala piramidi za kutisha, ila vina iguana wengi, wakubwa kama kenge, na hao hawana woga. Mwambie bibi harusi asiweke shada chini, huwa wanakula maua.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa nitakwenda haraka, ila usiruke.

Kibali cha INAH, kama mnakitaka, kiombwe miezi kadhaa kabla, kwa Kihispania, kikitaja gofu, tarehe, idadi ya watu na vifaa. Mratibu wa harusi aliyeko hukohuko akishughulikie. Droni iondoe mawazoni: juu ya magofu hairuhusiwi bila kibali, na kibali chenyewe si cha mpigapicha wa harusi.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Meksiko, isipokuwa kama ana viza hai au ukaazi wa kudumu wa nchi kama Marekani, Kanada au Uingereza. Thibitisha kabla ya kukata tiketi. Na kwa kuwa mgeni haruhusiwi kulipwa kutoka chanzo cha ndani ya Meksiko, mkataba wako na maharusi usainiwe na ulipwe huku unakoishi.

Forodha yao inamruhusu abiria kuingia na kamera mbili. Ukiwa na ya tatu, abebe msaidizi wako.

Kisha hoteli. Hoteli nyingi za pwani hiyo zina mpigapicha wao, na wewe wa kutoka nje unatozwa ada au unalazimishwa kulala hapo. Waambie maharusi wasome kifungu hicho kabla hawajalipia ukumbi, na ada hiyo iandikwe kwenye mkataba wako kuwa ni juu yao.

Hatua ya 4: Saa, saa, saa

Hapa ndipo wageni wengi hupotea, na nilishapotea mimi mwenyewe. Tulum na Cancún ziko jimbo la Quintana Roo. Chichén Itzá, Uxmal na Mérida ziko jimbo la Yucatán. Quintana Roo iko saa moja mbele ya Yucatán. Ukitoka Tulum saa mbili kwenda Chichén Itzá, mwendo wa saa mbili, unafika saa tatu. Ukirudi, unairudisha ile saa uliyopewa. Nilimwambia fundi wa nywele aje "saa kumi", sikusema ya jimbo gani, na simu yake ilikuwa bado inasoma saa za Yucatán. Ongeza na sisi wenyewe, ambao shangazi ukimwambia saa kumi anajua ni jioni na binamu aliyezaliwa Dallas anajua ni asubuhi. Ratiba niandikayo sasa ina safu mbili: 16:00 Quintana Roo, na pembeni yake "saa kumi jioni". Kwa ndugu wanaofuatilia kwa video kutoka nyumbani naongeza: Dar es Salaam na Nairobi ziko saa nane mbele ya Tulum, kwa hiyo ndoa ya saa kumi jioni wao wataiona saa sita usiku.

Ile saa moja ya tofauti ina faida pia, na hii sikuambiwa na mtu, niliigundua kwa kuchoma siku mbili. Magofu kwa kawaida hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 11:00 jioni, majimbo yote mawili. Lakini katikati ya Desemba, kule Tulum jua linachomoza yapata saa 1:15 asubuhi, kwa saa za huko. Yaani geti likifunguliwa, jua lina kama dakika arobaini na tano tu, bado changa, la njano, limelala. Uxmal mwezi huohuo jua linazama karibu saa 11:25 jioni, kwa hiyo nusu saa ya mwisho kabla ya kufungwa ndiyo tamu kuliko zote. Kwa ufupi, Desemba: Tulum asubuhi, Uxmal jioni. Saa ya mwisho ya kuingia huwa ni mapema kuliko ya kufunga, kwa hiyo ingia mapema na usubiri ndani.

Juni hakuna bahati hiyo. Tulum jua linachomoza saa 12:10 asubuhi na kuzama saa 1:30 jioni. Geti likifunguliwa jua limeshapanda. Na mwishoni mwa Mei, kisha tena katika wiki za mwisho za Julai, adhuhuri jua linapita utosini kabisa, mti hauna kivuli na macho ya watu yanakuwa mashimo mawili meusi. Mtu wa pwani yetu analijua jua la aina hiyo. Muda huo watu wale, walale.

Kuhusu miezi: vimbunga ni kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba, vikali zaidi Agosti hadi Oktoba. Mwani wa rangi ya kahawia, sargazo, hujaa fukweni hasa kati ya Aprili na Agosti. Unanuka na unaiharibu rangi ya maji. Mwani ukija, boti ndiyo mkombozi wako, maana huko mbele maji bado ni safi, au hamia kwenye cenote, yale mabwawa ya maji baridi ndani ya mapango. Desemba hadi Februari kuna siku za upepo wa kaskazini, unaopeperusha shela hadi kwenye uso wa mchungaji.

Hatua ya 5: Begi

Kamera mbili zinazotumia betri za aina moja. Lenzi ya milimita 35 na ya 85 zinatosha kazi nyingi. Ya 70-200 ni kwa ajili ya boti na kwa kulivuta gofu likaribie watu. Ukitumia lenzi pana sana, piramidi inakuwa kichuguu. Simama mbali, vuta, jengo litasimama nyuma ya maharusi kwa ukubwa wake.

Flashi mbili, na betri zote kwenye begi la mkononi ndani ya ndege. Shuka jeupe la kitanda. Taulo. Na mifuko ya plastiki ya kufungwa, kwa sababu ya ukungu: ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kioo cha lenzi kinalia machozi na utapoteza dakika ishirini nzuri. Dawa yake ni kuiacha kamera ndani ya mfuko uliofungwa, nje kwenye baraza, nusu saa kabla ya kazi, ipate joto taratibu. Usifute futa, unapaka maji tu.

Hatua ya 6: Nenda siku moja kabla, saa ileile

Nunua tiketi, ingia na simu tu, tembea. Hesabu hatua kutoka getini hadi mahali pako, maana shangazi mwenye magoti mabaya atakuwepo. Tazama kamba za kuzuia watu zimewekwa wapi. Zinahamishwa mara kwa mara, na picha uliyoiona mtandaoni huenda ilipigwa mahali ambapo leo hapafikiki. Kupanda juu ya majengo usikupange. Salimia walinzi. Wengi wao ni Wamaya, na lugha yao iko hai. Wasemaji wa Kimaya cha Yucatán ni zaidi ya laki saba. Neno "Dios bo'otik", asante, limenifungulia mengi kuliko Kihispania changu kibovu.

Hatua ya 7: Jiwe jeupe, gauni jeupe, ngozi yetu

Basi tumefika kwenye kazi yenyewe. Magofu haya ni ya mawe ya chokaa, na saa tatu asubuhi yanang'aa kama ukuta uliopakwa jana. Ukiiachia kamera ijipimie mwanga wa fremu nzima, itaona weupe mwingi, itaogopa, itapunguza, na uso wa bibi harusi utakuwa giza tupu. Ukipima usoni tu kwa doa, kamera itafanya kosa la upande wa pili: itataka kuufanya uso mweusi uwe wa kijivu cha katikati, na gauni litaungua, libaki weupe mtupu. Ninachofanya ni kupima usoni, kisha kushusha kati ya stopu moja na moja na nusu kulingana na weusi wa ngozi, halafu nafunga kwa mkono, nisiguse tena hadi mwanga ubadilike. Natazama alama za kuungua kwenye gauni. Anga likiungua kidogo naliacha. Shanga za kifuani zikiungua, naanza upya. Piga RAW, faili ghafi la kamera, bila mjadala.

Usiwatazamishe jua. Lete jua nyuma ya mabega yao, au waingize kwenye kivuli cha ukuta huku mbele yao kukiwa na ukuta mwingine unaopigwa na jua. Ukuta huo wa chokaa ni rifleketa kubwa kuliko yoyote utakayoweza kuibeba kwenye ndege. Ngozi nyeusi inaupokea mwanga huo wa pembeni kwa namna ya kipekee, mfupa wa shavu unachorwa wenyewe. Mabwana harusi wawili kati ya watatu watakuwa wanang'aa jasho. Karatasi laini, gusa, usipanguse.

Tulum kuna majani mafupi ya kijani kila mahali, na hapa wengi hawaoni hadi wafike nyumbani: majani yanarudisha ukijani chini ya kidevu na kwenye pindo la gauni. Ndiyo kazi ya lile shuka jeupe. Litandike miguuni, nje ya fremu, upande jua linapopiga. Siku moja nilisahau shuka, mama mkubwa wa bibi harusi akavua khanga yake kiunoni, "tandika hii mwanangu." Nikatandika. Khanga ilikuwa nyekundu. Nyumbani nikakuta kidevu cha bibi harusi kimekuwa kama cha mtu aliyekula achari, na nilikaa siku nzima kukirekebisha. Khanga sasa naitumia kwa kazi yake nyingine, kubeba mkia wa gauni njiani ili vumbi la chokaa lisiupate. Vumbi hilo likishika jasho au maji linakuwa kama saruji.

Hatua ya 8: Sherehe ya Kimaya, kama ipo

Hoteli nyingi huuza "baraka za Kimaya", na ndoa ya kisheria watu wengi huwa wameshaifunga kwao kimyakimya. Zipo zinazoendeshwa na mzee anayejua anachofanya, zipo za maonyesho tu. Ongea na mzee siku moja kabla: anaanzia upande gani, lini usisogee, lini usipige flashi. Kwa kawaida pande nne za dunia huitwa kwa zamu, na baragumu la kombe hupulizwa kila upande, kwa hiyo wageni wote watageuka pamoja mara nne. Jua utasimama wapi ili angalau mara mbili kati ya hizo uwe mbele ya nyuso.

Moshi wa copal, utomvu unaofukizwa kama sisi tunavyofukiza ubani, ndio zawadi yako. Ukiwa na jua nyuma ya moshi, kila mkanda wa mwanga unaonekana. Jua likiwa nyuma yako, ni ukungu tu. Simama upande ambao upepo hautoki kwenye chetezo kuja kwenye lenzi.

Kwenye cenote ni giza, ISO 3200 ni kawaida, na mwanga wa tundu la juu hushuka wima karibu na adhuhuri tu. Nyingi zinawataka watu waoge kabla ya kuingia majini, mafuta na vipodozi viondoke, kwa hiyo picha za majini ziwe za mwisho kabisa. Shangazi mmoja alichungulia kutoka ngazini, akauliza, "Sasa hapa ndipo mnapofungia ndoa au ndipo mnapomzika mtu?" Nilimpiga picha akiuliza.

Hatua ya 9: Watu

Magofu yakikushughulisha sana utasahau kwamba bibi amesafiri saa thelathini kutoka Bukoba kuja kuona mjukuu akiolewa. Orodha ya picha za ukoo iandikwe na mtu wa ndani anayejua nani haketi na nani, isomwe na MC mwenye sauti, na ifanyike mara tu baada ya ndoa, kivulini, kabla ya chakula. Wazee kwanza, ili wakapumzike. Vigelegele vikianza usiangalie kamera, angalia waliko mama zake bibi harusi. Macho yao hapo hayarudiwi.

Hatua ya 10: Usiku huohuo

Kadi zisifutwe hadi uwe nyumbani. Nakala mbili kwenye diski mbili kabla ya kulala, moja ya hizo apewe msaidizi, asafiri nayo kwenye begi lake yeye. Intaneti ya hoteli haitabeba RAW elfu tatu, lakini itabeba JPEG hamsini, na hizo ndizo utakazowatumia maharusi asubuhi kabla ya chai, maana kufikia wakati huo kundi la WhatsApp la ukoo litakuwa limeshajaa picha za simu za binamu, na bibi wa Bukoba atakuwa ameshaanza kuuliza ile yake na yule mjusi mkubwa iko wapi.